Aliyefungiwa Chini ya Jukwaa

Asubuhi hiyo, kama asubuhi nyingine zote, Waithera alikunywa uji wake akiwa amesimama kwa sababu Debra hakupenda kusubiri. Wasichana hao wawili walikuwa majirani huko Loresho, na walikwenda shuleni kwa miguu wakipita kando ya ua mrefu wa kayaba. Debra alizungumza, Waithera akaitikia. Kuwa rafiki wa Debra lilikuwa jambo kubwa katika Gredi ya Kumi. Aliyetemwa naye alikula chakula cha mchana peke yake, na hilo Waithera aliliogopa kuliko mtihani wa hesabu.

Darasani mwao kulikuwa na msichana aliyeitwa Adut. Wazazi wake walitoka Sudan Kusini, lakini yeye alizaliwa Nairobi, akasomea Nairobi, na sheng aliijua kuwashinda wengi. Hayo yote hayakumsaidia. Ngozi yake ilikuwa nyeusi kuliko ya mwanafunzi mwingine yeyote, na kwa baadhi ya wenzake kosa hilo lilitosha. Stima zilipopotea katika chumba cha kompyuta, chenye mapazia mazito, sauti ilitoka nyuma, "Adut, tabasamu tukuone." Darasa zima likaangua kicheko.

Mwanzoni Adut aliwajibu. Baadaye aliacha kujibu. Mwishowe, giza likiingia tu, alijiziba mdomo kwa kiganja na kutulia tuli, hata ukimwita jina au kumgusa bega. Waithera, aliyeketi kando yake, aliyaona hayo yote. Aliona, na bado alicheka pamoja na wengine.

Muhula huo wanafunzi walikuwa wakifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza wa kutisha, kuhusu jini aliyeishi chini ya shule na kuwavuta watoto shimoni. Mwalimu Syokimau, msimamizi wa drama, aliwaachia wagawane nafasi wenyewe. Jeremy, kiongozi wao, hakufikiri sana.

"Jini ni Adut," alisema. "Huyo hata hatuhitaji kumpaka rangi."

Jini alitokea kupitia mlango mdogo uliokuwa katika sakafu ya jukwaa la ukumbi wa shule. Chini ya mlango huo kulikuwa na chumba kifupi, kisicho na dirisha, kilichojaa viti vibovu. Asubuhi hiyo, mazoezi yalipokaribia kwisha, Adut alivua shuka la jini na kumkabidhi Waithera.

"Mimi nimechoka," alimwambia Jeremy. "Leo namwambia Madam Syokimau kila kitu. Mambo ya jini na mambo ya kule darasani."

Jeremy alimtazama Debra, kisha akatabasamu. "Sawa tu. Lakini ingia mara ya mwisho tupime ule mlango, halafu uende."

Adut akashuka. Kichwa chake kilipotoweka tu, Jeremy alifunga mlango na kutia komeo.

"Tumwache hapo hadi saa ya chai," alisema. "Atatoka na adabu."

"Si huko kuna giza?" Waithera aliuliza.

"Kwani yeye na giza si ndugu?" Debra alijibu. "Ama unataka kumfuata?"

Waithera hakutaka kumfuata. Alicheka kicheko kidogo kikavu, akalikunja shuka, na wote watatu wakaenda darasani.

Somo lilikuwa la kompyuta. Mwalimu Karanja aliangalia viti na kuuliza Adut alikuwa wapi.

"Anaumwa na kichwa, Mwalimu. Ameenda kwa nesi," Debra alisema bila kupepesa macho.

Waithera aliinamia kompyuta yake. Nje mvua ilianza kunyesha, na baada ya muda stima zikapotea. Kwa mazoea tu, mtu fulani nyuma akasema, "Adut, tabasamu tukuone," na darasa likakicheka kiti kitupu.

Kisha jenereta ikanguruma nyuma ya ukumbi.

Waithera akakumbuka. Bomba la moshi la jenereta ile lilikuwa limevunjika, na moshi uliingia chini ya jukwaa kupitia matundu ya hewa. Wiki iliyotangulia waigizaji wote walikohoa mpaka wakakimbilia nje, na Mwalimu Syokimau akapiga marufuku mtu yeyote kukaa kule chini jenereta ikiwaka.

"Debra," alinong'ona. "Ule moshi."

Debra naye alikuwa amekumbuka. "Akizidiwa atagonga. Watu watamsikia."

"Hatagonga."

"Utajuaje?" Debra alimshika mkono na kuuminya. "Ukisema, usiwahi kuniongelesha tena. Umeskia?"

Waithera aliogopa. Aliwaza vile angekaa peke yake kila siku hadi amalize shule. Halafu alimwaza Adut gizani, amejiziba mdomo, akivuta moshi kwa pua. Akauchomoa mkono wake na kusimama.

"Mwalimu, Adut hayuko kwa nesi. Tumemfungia chini ya jukwaa."

Mwalimu Karanja hakuuliza swali la pili. Alimtuma Muigai, mwanafunzi aliyekuwa karibu na mlango, akamwambie bawabu azime jenereta, naye akakimbilia ukumbini. Waithera na Jeremy walimfuata. Ukumbi ulinuka dizeli. Komeo lilikuwa limekwama, na Mwalimu alilipiga teke mara kadhaa kabla halijaachia.

"Adut!" aliita. Moshi ulimpanda usoni.

Kimya. Alimulika kwa simu yake. Palionekana viti tu, miguu juu.

"Labda alishatoka," Jeremy alisema. "Kama yuko hapo, angeitika."

Mwalimu alisita. Alianza kugeuka, labda atafute mlango mwingine.

"Hatakujibu, Mwalimu," Waithera alisema huku akilia. "Gizani huwa hajibu. Mtafute kwa mikono, tafadhali."

Mwalimu Karanja alijifunga leso puani, akashuka. Walimsikia akirusha viti. Aliporudi alikuwa amembeba Adut, shingo imelegea, kiganja bado kiko karibu na mdomo. Walimlaza nje kwenye baraza, penye hewa safi. Kwa muda hakuna lililotokea, na muda huo Waithera hatausahau. Kisha Adut akakohoa, akatapika, akafungua macho.

Alilazwa hospitalini na kupona. Jeremy na Debra walifukuzwa kwa muda, na Waithera pia alipewa adhabu. Shule iliufuta mchezo ule na kuitengeneza jenereta. Siku Adut aliporudi, Mwalimu Syokimau alimwita Waithera ofisini. Adut alikuwa ameketi na mama yake.

"Ni wewe uliyesema mtoto wangu hatajibu?" mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Ulijuaje?"

Waithera alikuwa amejiandaa kushukuriwa, wala si kuulizwa hivyo. "Niliketi karibu naye," alisema polepole. "Nilimwona akijiziba mdomo tukimcheka."

"Tangu lini?"

"Tangu muhula wa kwanza."

Mama Adut alitazama pembeni. Mwalimu Syokimau ndiye aliyezungumza.

"Ulifanya vyema kusema, Waithera. Ulimwokoa. Lakini elewa kwamba Adut hakuanza kufungiwa siku ile. Kila mlipomcheka kwa sababu ya rangi yake, mlimfunza kwamba hata akilia hakuna atakayemsaidia. Anayetukana ana makosa, na anayecheka anamsaidia kutukana. Mimi nilivisikia vicheko hivyo nikaviita utoto. Nami nimemwomba Adut msamaha."

Waithera alimgeukia Adut. "Nisamehe. Niliona tangu mwanzo, na sikukutetea."

Adut alimtazama.

"Nimesikia," alisema.

Hakusema kwamba amesamehe, na Waithera hakumlazimisha aseme.