Paa la Mwalimu Benta

Mvua ilinyesha Nyamasaria alasiri nzima, lakini nyumba ya Mwalimu Benta haikuvuja. Benta alisimama katikati ya chumba, akanusa. Waridi, na chokaa mbichi.

Alikuwa mjane. Mwaka uliotangulia, 1987, mumewe Dishon alizama Luanda Kotieno na ziwa halikumrudisha. Kaburi hakuwa nalo. Alikuwa na kuta hizi za udongo tu, alizozikandika Dishon mwenyewe, na alama za vidole vyake karibu na kitanda.

Kwa mila ya Wajaluo, paa la mjane hutengenezwa na atakayemrithi. Shemeji yake, Oduor, alikwisha kununua misumari. Jana, baada ya kuwafundisha watoto habari za wafalme Waislamu wa Uhindi, na yule aliyemjengea mkewe kaburi la marumaru, Benta alitazama tundu la paa akanung'unika, "Na aje hata fundi wa mfalme yule, mradi si Oduor."

Mama mkwe, Anyango, alipoliona paa limezibwa alishusha sauti.

"Nani ametengeneza?"

"Sijui, Mama."

"Nyathina, mwanangu, aliyetengeneza ndiye mumeo sasa."

Tangu hapo patasi ililia ndani ya kuta, tik, tik, mchana kweupe, ikihama kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi kitandani, na Benta akisahihisha madaftari alihisi pumzi ya baridi shingoni, na sauti ya upole ikimwambia, "Nilijengea malkia waliokufa. Wewe u hai, mke wangu."

Anyango alimleta Maalim Rajabu kutoka Kibos. Mzee aliweka sikio ukutani.

"Ni jini. Akitoka, atatoka na alichojenga. Amejenga nini?"

"Paa tu," alinong'ona Benta.

Ukuta ulicheka.

Benta alikwaruza udongo kwa ukucha. Chini yake marumaru. Akakwaruza kwingine, marumaru. Hata alama za vidole zilikuwa zimechongwa upya, nzuri kuliko zenyewe.

"Nimsomee atoke, Mwalimu?" aliuliza Maalim. "Hutabaki na kitu."

Benta alilia sana. Kisha akasema, "Soma. Huyu si Dishon."

Jua lilipotua nyumba haikuwapo; palibaki kitanda uwanjani, na sufuria, na upepo wa ziwani. Anyango alimfunika kwa leso yake.

"Mama," Benta aliuliza, "sasa nitamlilia wapi?"

Anyango akaketi naye kitandani.