Simba kwenye Koti la Baba

Kila asubuhi Ruguru aliwasha moto, akamkatia mbuzi majani na kunywa uji upesi upesi. Kisha alivaa koti la baba yake na kushika njia ya mkato iliyopita kando ya seng'enge, katikati ya majani chai ya jirani yao, mzee Hezekiah, ambaye alimwita guka, yaani babu. Kijijini kwao Kibugu kuna baridi, hasa Julai ukungu unaposhuka kutoka msituni, na mtoto asiye na koti huko atakuambia mwenyewe.

Baba yake, Njue, alikuwa mlinzi katika mtaa wa Majimbo, mjini Embu. Aprili aliugua mapafu akafariki. Nguo zake zilipogawanywa, ndugu walichukua suruali na viatu, lakini mama, Phyllis, alilishika koti la buluu akasema, "Hili ni la Ruguru. Msiliguse." Akalipunguza likamtosha. Kifuani lilikuwa na nembo ya kampuni ya ulinzi, kichwa cha simba kilichotariziwa kwa uzi mwekundu, na nyingine kama hiyo ilikuwa kwenye mkono wa koti.

Shida ilianzia shuleni. "Soja! Hebu tufungulie geti!" Mugambi wa darasani kwao alipaza sauti, akimwita kwa jina la walinzi, na darasa zima likaangua kicheko. Ruguru alicheka nao, lakini moyo ulimuuma. Alimpenda baba yake kupita kiasi, na sasa alikuwa akilionea haya koti lake. Hakujua amwambie nani jambo kama hilo.

Jumamosi mama alipokwenda kuchuna majani chai, Ruguru alichukua wembe akaanza kukwangua simba wa kifuani. Uzi ulikuwa mgumu, naye alikuwa na pupa. Akakaza mkono. Wembe ukapenya, na kitambaa kikachanika pamoja na simba wake. Ruguru alilitazama lile tundu, akalikunja koti upesi.

"Ni seng'enge ya guka Hezekiah," alidanganya mama aliporudi. "Ilinishika nikipita."

Mama aliliweka koti usoni akalia kama alivyolia siku ya mazishi. Kisha alijifuta machozi, akaenda moja kwa moja kwa mzee Hezekiah, na maneno aliyomrushia yalisikika hadi barabarani. Huyo ndiye mzee aliyewaletea maziwa wiki nzima ya matanga.

Kesho yake, wakati wa kurudi kutoka kanisani, Ruguru alimkuta mzee Hezekiah kwenye ile njia ya mkato, amepiga magoti katika manyunyu. Alikuwa na koleo mkononi, akikunja ncha za seng'enge moja moja. Vidole vyake vilitoka damu.

"Pole, mwanangu," alisema. "Hizi ningezikunja kitambo. Baba yako alikuwa rafiki yangu, na ona, nimemharibia koti."

Ruguru alishindwa kuvumilia. Alilia kwa kwikwi. "Si seng'enge, guka. Ni mimi. Nilikata na wembe."

Mzee aliweka koleo mfukoni. "Sasa mimi umeniambia. Twende umwambie mama."

Mama aliyasikiliza yote akiwa amesimama. "Guka, nisamehe kwa maneno ya jana," alimwambia mzee. Kisha akamgeukia binti yake. "Ulikuwa unamwonea baba yako haya?"

"Wananiita soja," Ruguru alijibu, akainamisha kichwa.

"Baba yako alikuwa soja. Alisimama kwa baridi ndio wewe usome, na hiyo kazi hatuionei haya hapa kwetu. Lakini huyu simba si wa baba yako. Ni wa kampuni, na hata kumzika hawakuja. Ungeniambia, tungemtoa pamoja."

Aliugeuza ule mkono wa koti ndani nje. "Tazama. Nyuzi hukatwa huku nyuma, chache chache, ncha ya wembe ikilala. Ukikata kwa mbele unakata nguo." Mzee Hezekiah aliunyoosha mkono wa koti usijikunje, Ruguru akakata polepole, kisha akaligeuza na kuvuta nyuzi nyekundu kwa vidole. Mama alitandika kitambaa chenye maji na kupitisha pasi ya makaa juu yake, na vitundu vya sindano vikajifunga. Mahali pa simba palibaki buluu iliyokolea, kwa sababu jua halikuwahi kupafikia.

Tundu la kifuani halikuwa na dawa ya namna hiyo. Mama alikata kitambaa cha mfuko wa ndani, akatia kiraka. Kilionekana wazi.

"Hiki kiraka kitakaa hapo," alisema mama akikata uzi kwa meno. "Haraka yako ilitoboa koti, nalo tumelishona. Lakini uongo wako ulinifanya nimtukane mtu aliyetufaa kwenye msiba. Hilo ningelishona na nini, kama hangekuwa na moyo mzuri? Jambo likikuuma, niambie lingali dogo."

"Ndiyo, mama." Ruguru alilivaa koti, akafunga vifungo hadi shingoni. "Mama, ninamtaka baba."

"Najua," mama alisema, akamvuta karibu. "Hata mimi."