Dobi Aliyependa Kuitwa Dikteta

Chumba cha dobi kilikuwa mbele ya nyumba, mlango ukitazama barabara. Ndani mlikuwa na meza mbili za kupigia pasi, kamba za kutundikia mashati, na jiko kubwa la mkaa. Umeme haukuaminika, kwa hiyo dobi alitumia pasi za mkaa. Moja ikipoa, nyingine ilikuwa tayari.

Dobi aliijua kazi yake. Kola aliyoipiga pasi yeye ilikaa wima kutwa nzima. Lakini mdomo wake! Mdomo wake ulikuwa na moto kuliko pasi.

"Funga dirisha!" aliamuru kila asubuhi. "Vumbi likigusa shati jeupe, tumekwisha."

"Lakini baba, humu ndani kuna..." binti yake alianza siku moja.

"Nimeshasema! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Binti akafunga dirisha, na mdomo pia.

Watu wa mtaa walimwita Dikteta. Yeye alifurahi, tena sana. Mteja akisema, "Dikteta, suruali yangu iko tayari?" dobi alitoa kifua mbele na kujibu, "Katika nchi yangu hakuna kuchelewa." Watu wakaangua kicheko. Shemeji yake, mdogo wa mkewe aliyefua nguo uani, alimpigia saluti huku mikono imejaa povu. Hata mkewe alicheka. Jambo likichekesha, nani atakumbuka kuuliza kama ni baya?

Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa mama wa nyumba ya pili. Alifanya kazi katika ofisi ya msaada wa sheria, akiwasaidia watu wasioweza kumlipa wakili. Mtaani alijulikana kama Mama Sheria. Alikuwa amehamia hapo zamani kutoka nchi nyingine, na hakupenda kueleza sababu.

"Jirani, jina hilo unalipenda kweli?" alimwuliza dobi.

"Ah, dada, ni utani tu."

"Kwetu halikuwa utani," alisema. Akachukua gauni lake, akaenda zake.

Wakati huo mke wa dobi alikuwa anaumwa kichwa. Akitoka kwenda uani, kilipoa. Akirudi kwenye pasi, kilianza tena, na kichefuchefu juu yake.

"Mama, mwambie baba," binti alimsihi.

"Nimwambie nani? Dikteta?"

Wakacheka wote wawili, na habari ikaishia hapo. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Siku moja mchana mvua ilinyesha kwa nguvu. Dobi akafunga na mlango ili nguo zisirushiwe maji. Jiko lilikuwa limejaa mkaa, na pasi zote mbili zilikuwa kazini. Mara mkewe akaachia pasi, akaanguka chini kama furushi la nguo.

"Mama!" binti alipiga kelele.

Dobi alisimama tu, shati la mtu mkononi. Shemeji alikuja mbio kutoka uani. Mama Sheria, aliyesikia kelele, alisukuma mlango akaingia.

"Mtoeni nje! Fungua dirisha, binti!"

Binti alikimbilia dirishani. Akashika komeo. Kisha akageuka, akamtazama baba yake. Mama yake alikuwa amelala sakafuni, midomo imelegea, na yeye alikuwa anangoja ruhusa!

Dobi aliyaona macho yale. Alihisi kama amepigwa kofi. Mama Sheria ndiye aliyefika na kulisukuma dirisha kwa kiganja.

Hospitalini walimpa mgonjwa hewa safi ya oksijeni. Muuguzi alikuja kuzungumza na dobi.

"Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu," alisema. "Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Mwisho wake ni kifo. Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine."

Dobi alikaa kwenye benchi. Mama Sheria alikaa kando yake.

"Ulimwona binti yako?" aliuliza.

"Nilimwona. Lakini dada, mimi sikumkataza kumwokoa mama yake!"

"Leo hukumkataza. Ulimkataza kila siku mpaka akazoea."

Mama Sheria alivuta pumzi.

"Nikwambie kwa nini sicheki. Kwetu kulikuwa na mtawala. Aliingia kwa bunduki. Uchaguzi ulikuwa na jina moja, lake. Majaji walihukumu alivyotaka. Gazeti lililoandika vingine lilifungwa. Siku moja kaka yangu alisema dukani kwamba bei ya unga imepanda. Jioni walikuja kumchukua. Mpaka leo hatujaona hata kaburi."

"Kwa kusema bei ya unga?" Dobi alishika kichwa. "Unga tu?"

"Unga tu. Na bei ilikuwa imepanda kweli! Kila mtu alijua. Huyo, jirani, ndiye dikteta. Hatawali kwa ridhaa ya watu, na hakuna wa kumhoji. Serikali ya namna hiyo tunaiita utawala wa mabavu. Ikiwafunga watu kwa sababu ya maneno yao, ikiwanyima haki zao, huo ndio ukandamizaji."

"Basi mimi si dikteta. Sijamfunga mtu."

"Kweli, hufiki huko. Wewe ni mume mkali. Hata ofisa anayekukatia maji kwa sababu hujalipa si dikteta, ingawa watu humwita hivyo. Akikosea, unamshtaki, na unaweza kushinda. Tukimpa kila mkali jina hilo, siku atakapokuja mwenyewe tutamwitaje?"

"Sasa mbona unanisema?"

"Kwa sababu ulijivunia jina la watu waliomla kaka yangu. Na nyumbani kwako watu walifanya utani mahali pa kusema ukweli. Jipime hivi: walio chini yako wanaweza kukwambia umekosea, kisha wakalala kwa amani? Swali hilo ni la serikali, ni la kazini, na ni la nyumbani."

Mkewe alipozinduka, dobi alimshika mkono.

"Mke wangu, kumbe ulikuwa unaumwa! Kwa nini hukuniambia?"

Mkewe alimtazama.

"Niliona heri nianguke kuliko nikwambie."

Dobi alilia. Alilia mbele ya muuguzi, mbele ya shemeji, mbele ya binti yake, na hakuona haya.

Mgonjwa aliporudi nyumbani, jiko la mkaa lilihamishiwa uani, chini ya kibanda. Mlango na dirisha vilikaa wazi saa zote za kazi. Na vumbi? Binti alishauri mashati yafunikwe kwa shuka safi.

"Wazo zuri! Umelipata wapi?" dobi aliuliza.

"Ninalo tangu mwaka jana, baba."

Jumamosi moja dobi aliwaita wote. "Semeni lolote," alisema. Hakuna aliyesema. Kimya kile kilimtisha kuliko kelele. Alingoja, jasho likimtoka. Mwisho shemeji akakohoa.

"Shemeji, tupumzike Jumapili."

"Jumapili? Siku ya wateja wengi! Haiwe..." Dobi akajiuma ulimi.

"Tupige kura," mkewe alisema.

Mikono mitatu ilipanda juu. Wa dobi ulibaki gotini. Uso wake ukabadilika, na binti akarudi nyuma hatua moja.

"Haya," dobi alisema taratibu. "Mmenishinda. Jumapili tunafunga."

"Kweli, baba?"

"Kweli. Lakini sijafurahi!"

"Hatukukuuliza kama umefurahi," mkewe alijibu.

Binti alishtuka, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Baba yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.