Kamba ya Tosha

Tosha alinusa shati la Semu, akazunguka nyumba mara mbili, kisha akaja kukaa miguuni pa Olivia. Mbwa wa polisi akikaa hivyo, amempata mtu wake. Lakini Olivia hakuwa amepotea. Aliyepotea ni mumewe, Semu. Jana alipanda mlimani juu ya Bulembia kutafuta mbuzi, mvua ikamkuta huko, mto ukafurika.

Afande Lokwang, anayemwongoza Tosha, alilinusa shati mwenyewe. Sabuni tupu!

"Mama, umeosha hii?"

"Niliosha asubuhi, afande. Nitapea polisi shati ya jasho namna gani? Ni aibu."

Lokwang alicheka, ingawa hali haikuwa ya kuchekesha. "Sasa mbwa inafuata mikono yako. Leta kitu chafu. Chafu kabisa, na usiguse!"

Olivia alileta sweta la kulalia la Semu, akilining'iniza kwenye kijiti. Tosha alizamisha pua humo, mkia ukasimama, kamba ikakazika. Basi wakakimbia! Walipita mibuni, wakapasua matete, matope yakawafika magotini, Olivia nyuma na kidumu chake cha maji.

Ukingoni mwa mto Tosha aliinua kichwa na kupinda kuelekea bondeni. Lokwang akamzuia.

"Bwana yako hupita wapi?"

"Juu. Siku zote juu."

Lokwang akamvuta mbwa juu. Tosha alitii, lakini mkia ulishuka, na kila hatua alimtazama mwenye kamba. Mawingu nayo yalishuka. Mvua ikirudi, mto ungemzoa yeyote aliye karibu nao.

"Afande," Olivia alisema akihema, "mbwa ilikuwa na furaha kule chini. Hapa inakutii tu."

Lokwang aliona haya. Miaka sita na mbwa, na mama huyu amemsoma kwa asubuhi moja! Akarudi ukingoni, akalegeza kamba yote, akafunga mdomo.

Tosha alipepeta upepo kwa pua, upande huu, upande ule. Ghafla akatumbukia bondeni, kamba ikimchoma Lokwang viganja. Kwenye majani ya kando ya mto, chini ya jabali, walimkuta amekaa wima kando ya Semu, mguu wa Semu umevunjika, mbuzi kifuani mwake.

"Maji," Semu alinong'ona.

Alikunywa karibu kidumu kizima. Wakaufunga mguu kwa vijiti na kitenge, Lokwang akambeba mgongoni, mbuzi akafuata akilalamika. Matone yalikuwa yameanza, na juu mlimani mvua ilikuwa tayari inanguruma. Walipofika juu waligeuka: jabali lilikuwa bado linaonekana, lakini majani aliyolalia Semu yalikuwa yamekwisha kumezwa na maji.

Olivia alicheka huku akilia, akapiga magoti matopeni, akamkumbatia mbwa.

"Na mimi je?" Semu aliuliza kutoka mgongoni.

"Wewe ngoja. Ni wewe ulipotea."