Mabawa ya Senene Ndani ya Kava la Simu

Ndugu zangu, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ukifika, ua wa Zuleha pale kijijini Ndama huwa raha tupu. Hukaa mkekani na jirani yake Niyonsaba, kibarua wa mashamba ya kahawa, wakinyonyoa senene mabawa na miguu na kucheka, huku mtoto Samiha, wa miezi minane, akipakatwa kwa zamu.

Mwaka jana Zuleha aliongeza simu mapajani, atazame tamthilia. Kila tangazo likija, analiondoa kwa kidole kilekile kinachonata mafuta na miguu ya senene. Mtoto akilia, anabandikwa simu hiyohiyo shavuni asikilize nyimbo, naye anairamba. Uchafu gani huu, jamani!

Wiki haikuisha, shavu la Samiha likajaa upele. Ukatumbuka, ukatoa usaha wa njano. Roho ikamruka Zuleha, na badala ya kujitazama, akamgeukia jirani.

"Usimshike tena mwanangu. Mikono yako ya shamba ndiyo imemletea haya."

"Mama Samiha, mimi nanawa kwa sabuni kila nikitoka shambani."

"Nimesema usimshike!"

Niyonsaba akajifunga kanga yake, akaondoka bila kuaga.

Kule zahanati, muuguzi Elipidius alitazama lile shavu, kisha akaitazama simu mkononi mwa mama.

"Hebu nipe hiyo."

Akavua kava. Likaanguka bawa la senene, ikafuata miguu miwili, na ndani kulikuwa na utando wa mafuta unaonuka uvundo. Akafuta kioo kwa pamba. Pamba ikatoka nyeusi tii.

"Dada, hiki ndicho unachompaka mtoto usoni?"

Zuleha alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimkumbuka Niyonsaba, na machozi yakamtoka.

Kidonda kilipona kwa dawa, kovu likabaki. Siku Zuleha alipokwenda kuomba radhi, alimnyooshea Niyonsaba mtoto ampakate. Samiha mwenyewe akarusha mikono kwa furaha. Niyonsaba akaficha yake mgongoni.

"Nimekusamehe, Mama Samiha. Lakini mlee mwenyewe. Mimi mikono yangu ni ya shamba."

Mafunzo

Simu hubeba kila kilichoshikwa na mikono yetu, kisha tunaibandika mashavuni. Nawa kabla ya kuigusa, vua kava uisafishe, na usimpe mtoto mchanga airambe. Na kabla hujamwita jirani mchafu, vua kwanza kava la simu yako.