Jibu Alilotoa Jotham

Siku Jotham alipoondoka, mvua ilikuwa imenyesha kwetu Matulo, Bungoma, tangu alfajiri, na gari la kumpeleka Eldoret kupanda ndege lilikwama langoni. Wanaume wa boma walisukuma. Mimi nilikuwa na mimba kubwa, nikaambiwa nisisogee. Nilisimama kwenye veranda na mama yake, Nabwile, tuliyemwita Mama Nabwile, tukiangalia matope yakirukia suti yake mpya.

"Anaenda Marekani na udongo wetu," Mama Nabwile alisema. "Wasimwoshe sana."

Jotham alicheka, akarudi mbio kunishika mkono.

"Mtoto akizaliwa, nipigie kabla hujampigia baba yako."

"Na wewe ukifika, nipigie kabla hujala."

"Si nitakuwa na njaa?"

"Ndiyo maana utapiga haraka."

Gari likatoka matopeni, akaenda.

Mimi ni Nyaruai, binti wa Gachanja wa Kibomet, Kitale. Jotham alinioa kwa ng'ombe. Wazee wa Matulo walikuja kwetu, wakala, wakashika mkono wa baba, nikahamia kwao. Kanisani tulikuwa bado. Kwa hivyo aliposhinda bahati nasibu ya green card, kibali cha kuishi Marekani, kaka yake Kevin alimshauri aseme ubalozini kwamba hajaoa.

"Hiyo ya ng'ombe wazungu hawahesabu," Kevin alisema. "Cheti uko nayo? Huna. Basi wewe ni bachelor, bro. Usijichanganyishe bure."

Hata baba yangu, mzee asiyependa uongo, aliona ushauri huo una maana. Cheti hakikuwepo.

Mtoto alikuwa msichana. Mama Nabwile alimwita Nangila, jina la Kibukusu la mtoto wa safarini, kwa sababu alizaliwa baba yake akiwa njiani. Tangu siku hiyo hakuna mtu Matulo aliyeniita Nyaruai tena. Dukani, kanisani, kisimani, nilikuwa Mama Nangila. Hata Jotham. Kila siku ujumbe wake ulikuwa ule ule: "Mama Nangila, mmekula?"

Nangila alikuwa ameanza kusimama kwa kushika kiti homa ilipomchukua. Ilikuwa homa ya siku mbili tu. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba, na Jotham aliona mazishi kwa simu ya Kevin. Alilia mpaka Kevin akashindwa kuishika simu, akampa jirani.

Baada ya hapo ujumbe haukubadilika sana. "Mama Nangila, umekula?" Nilishukuru kwamba hakuliacha hilo jina.

Miaka ikapita. Ulipofika wakati wake wa kuomba uraia, alianza kusoma historia ya Marekani, kwa sababu lazima uulizwe maswali na ofisa. Alinitumia maswali yote na majibu. Kila jioni yangu, ambayo kwake ilikuwa asubuhi, alinipigia akivaa nguo za kazi, nami nikawa mwalimu.

"Kwa nini wakoloni walipigana na Mwingereza?"

"Ushuru mkubwa. Na hawakuwa wanajitawala."

"Na nini ingine?"

"Askari wa Mwingereza walikuwa wanaishi kwa nyumba zao bila kualikwa."

"Kama Kevin hapa kwetu."

Alicheka mpaka akadondosha kiatu. Nilikisikia.

"Tangazo la Lincoln lilifanya nini?"

"Liliweka watumwa huru. Wale wa majimbo ya kusini."

"Ni shida gani ilileta vita vya wao kwa wao?"

"Utumwa. Ukiniuliza ingine ngumu nitachelewa basi."

"Wanawake walipata kura mwaka gani?"

"Elfu moja mia tisa na ishirini. Na wewe umepata lini?"

"Mimi bado nangoja mtu aape uraia kwanza, ndio anichukue."

"Nikiapa tu, Mama Nangila. Nikiapa tu."

Nilizoea kulala na historia ya watu hao kichwani. Nilijua vita vyao na miaka yake. Nilijua mhubiri wao aliyepigania weusi wasibaguliwe, akapigwa risasi. Niliijua kama vile nilikuwa nimeishi kwao, kwa sababu niliisikia kwa sauti ya mume wangu.

Siku ya mtihani alipiga simu kabla hata hajatoka kwenye jengo.

"Nimepita."

"Yote?"

"Yote. Ameniuliza Lincoln, ameniuliza uhuru, nikamjibu kama maji. Akasema nimesoma vizuri. Nikataka kumwambia nina mwalimu Bungoma."

"Ungemwambia."

"Hiyo ndio haingewezekana." Alishusha sauti. "Kulikuwa na ile sehemu ya familia."

"Waliuliza nini?"

"Kama nimewahi kuoa."

"Ukasema?"

"Ile ile nilisema ubalozini. Singebadilisha, si unajua. Wangesema nilidanganya."

"Hiyo naelewa. Na nini ingine?"

"Aah, vitu vidogo vidogo."

"Jotham."

"Waliuliza kama nina watoto. Walio hai ama waliokufa."

Kulikuwa na watu wanaongea nyuma yake, wanapongezana.

"Nilisema sina," alisema.

Nilikata simu. Alipiga mara nyingi. Kisha akatuma ujumbe: "Nisamehe. Ilikuwa jibu la karatasi tu, wangeuliza mama yake ni nani. Tutaongea nikija."

Alikuja Desemba, akiwa Mmarekani kamili, amenenepa shingo. Boma zima lilimpokea. Mimi nilikuwa jikoni. Aliingia, akasimama mlangoni.

"Nyaruai," alisema.

Wanawake waliokuwa wakisonga ugali waliinua macho. Tangu Nangila azaliwe walikuwa hawajasikia akiniita hivyo.

Jioni tulikaa sebuleni yeye, mimi na Kevin. Mipango ilikuwa imeshafanywa. Tungefunga harusi kanisani Kitale, kama watu waliojuana majuzi, kisha angeniombea viza.

"Kwa nini si Matulo?" niliuliza.

Kevin aliangalia chini. "Shem, hapa watu wanakuita vile wanakuita. Mtu akikuja kuchunguza, ama video ya harusi ionekane, mtu asikike akisema Mama Nangila... unaona."

"Na nikiitwa, nifanye nini?"

"Usiitikie," Jotham alisema. "Kwa muda tu. Na ubalozini watakuuliza kama umewahi kuzaa. Utasema hapana."

"Na mwili wangu nitauambia nini?"

"Unadhani mimi sikumlilia?"

"Ulilia. Halafu ukasema hakuwepo."

"Nikisema ukweli saa hii wananinyang'anya kila kitu. Kazi, uraia, hata hii nyumba ninayomjengea mama haitaisha. Ni neno tu, Nyaruai. Mtoto hasikii."

"Mimi nasikia."

Alinishika mkono. Mikono yake ilikuwa bado ile ile, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

"Twende," alisema. "Tutazaa wengine kule."

"Na wa kwanza wao akitaka kujua yeye ni wa ngapi?"

Aliuachia mkono wangu.

"Wafu wa Wamarekani uliwakariri wote, Jotham. Hata wa miaka mia mbili iliyopita. Mimi mwenyewe nilikusikiliza. Wa kwako alikuwa mmoja."

Mama Nabwile alikuwa ameingia na chupa ya chai. Aliiweka mezani polepole.

"Hao watu," alimwuliza mwanawe, "walikuuliza pia majina ya wazazi?"

"Ndiyo, mama."

"Ukasema mama yako ni nani?"

"Nabwile."

"Kwa hivyo mimi nipo."

"Mama, si hivyo."

"Nimeuliza tu," alisema, akatoka.

Kevin alimfuata. Tulibaki wawili. Jotham aliinama, akalia kama alivyolia siku ya mazishi, na nilimwegemeza begani kwangu kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumwegemeza. Nilimpenda. Ningekuwa simpendi, ningeenda naye na kusema chochote.

"Kwa hivyo umekataa," alisema mwishowe.

"Nimekataa."

Harusi ya Kitale haikufanyika. Jotham aliondoka kabla ya likizo kuisha. Ujumbe wake wa mwisho ulisema, "Nyaruai, nimefika salama." Nilimjibu, "Sawa."

Agosti iliyofuata alirudi, akafunga ndoa kanisani na msichana wa Kapsokwony anayeitwa Tabby. Mama Nabwile alisema mguu unamuuma, hakwenda. Kevin ameniambia viza ya Tabby imetoka, anasafiri mwezi ujao. Mimi naishi Matulo na Mama Nabwile.