Programu Haikujua Tunakaa Wapi

Fundi saa alikuwa mtu wa dakika. Majirani walimwita Bwana Sekunde, naye jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali. Kwa hiyo kuaibika mara mbili mbele ya mkewe kulimkata maini.

Alikuwa na darubini kuukuu aliyoitengeneza mwenyewe. Kwenye simu aliweka programu ya kupanga kutazama nyota. Inaonyesha kila sayari itakuwa wapi, na saa ngapi. Akamwahidi mkewe kumwonyesha Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote, na miezi yake minne mikubwa. Jumatatu programu ilisema saa moja na nusu jioni, upande wa mashariki. Walipanda juu ya nyumba, wakaambulia giza. Jumanne hali kadhalika. Na Alhamisi alfajiri mkewe alikuwa anasafiri kwenda kulea mjukuu, nusu mwaka mzima.

"Sayari sijaiona, lakini nimeona unavyohangaika," mkewe alisema, akimpangusa vumbi begani. "Inatosha, baba watoto."

"Haitoshi," alisema fundi. Alimpenda mno mwanamke huyu.

Jumatano asubuhi alimwendea jirani yao, mpimaji ardhi, akamwonyesha simu.

"Mzee, ilipokuuliza uko wapi, ulijibu nini?" aliuliza mpimaji.

"Nilikataa. Simu ina haja gani ya kujua ninapolala?"

Mpimaji alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Basi imekupangia mbingu za watu wengine. Tazama mji ulioandikwa hapa juu. Uko mbali, mashariki yetu. Kwao Mshtarii imeshachomoza, kwetu bado. Programu hii inataka mahali, tarehe na saa. Kimoja kikikosewa, kazi bure. Kama hutaki ikufuatefuate, andika jina la mji wetu tu."

Fundi aliandika. Papo hapo saa zikabadilika.

"Bado ukuta wa ghorofa ile inayotuziba mashariki," aliendelea mpimaji. "Ukiwa juu ya nyumba, nyosha mkono, kunja ngumi. Ngumi moja ni kama nyuzi kumi za kimo angani. Ukuta unafika wapi?"

"Ngumi moja kamili. Nimeuelekezea darubini siku mbili, naujua."

"Basi subiri sayari ipite nyuzi kumi. Programu inasema leo ni saa mbili na nusu."

Saa mbili na nusu sayari ikawa juu ya ukuta, inang'aa. Mkewe aliinamia darubini, akaanza kuhesabu.

"Mwezi mmoja, wa pili, wa tatu," alisema. "Wa nne uko wapi?"

Fundi alitazama programu. "Umepita nyuma ya sayari. Utatokea saa tatu na dakika kumi. Lakini basi lako ni la alfajiri, mama. Kalale."

Mkewe alivuta kigoda, akaketi ubavuni mwake. "Nimelea watoto wanne," alisema. "Sijawahi kulala mmoja akiwa nje."

Saa tatu na dakika kumi nukta ndogo ilichungulia pembeni mwa sayari. Mkewe akahesabu hadi nne, ndipo akakubali kushuka.